Bakteria wa mwanangu amezijuaje dawa ambazo mtoto hajawahi kupewa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma, hapa Mwanza, na nauza samaki soko la Mwaloni Kirumba. Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili na nusu. Aliungua na mafuta ya moto mgongoni na mkononi, tukalazwa wiki tano. Wiki ya pili kidonda kikaanza kunuka na kutoa usaha, homa ikapanda, na muda wote huo alikuwa anachomwa seftriakisoni tu. Walichukua usaha wakaupeleka maabara. Majibu yakaja kwamba ni bakteria anaitwa Klebsiella, sugu kwa ampisilini, seftriakisoni, jentamaisini, septrini na sipro. Zilizobaki ni amikasini na meropenemu. Namshukuru Mungu alipona kwa meropenemu. Lakini mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kupewa jenta, wala septrini, wala sipro. Mwili wake umezizoeaje? Mume wangu anasema kosa ni langu, kwa sababu mwaka jana alipokohoa nilimpa amoksilini siku tatu nikaacha. Na ndugu zake wawili wanaolala naye kitanda kimoja, nao wameshapata?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa yote mliyopitia. Wiki tano wodini na mtoto aliyeungua si jambo dogo.

Nianze na la mume wako, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Amoksilini ile ya siku tatu haikumtengeneza bakteria huyu. Ampisilini iliyoandikwa kwenye majibu yako na amoksilini uliyompa ni ndugu wa tumbo moja, na Klebsiella huzaliwa akiwa na kinga dhidi ya hizo zote mbili. Ndivyo alivyo kwa asili, hata yule ambaye hajawahi kukutana na dawa yoyote. Kwa hiyo mstari wa kwanza kwenye karatasi yako haumhusu mtu yeyote. Mistari minne inayofuata ina historia, na historia hiyo ilianza miaka mingi kabla mwanao hajazaliwa. Umwonyeshe mume wako nilichoandika hapa.

Sasa neno "kuzoea". Watu wengi, na wahudumu wa afya wakiwemo, husema mwili umezoea dawa. Ngoja nikueleze tunavyofanya maabara, utaona mwenyewe kwa nini maneno hayo yanapotosha. Usaha ukifika tunaupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuuacha kwenye joto linalokaribia la mwili usiku kucha. Kesho yake tunawachukua walioota, tunawatandaza juu ya sahani nyingine, kisha tunapanga vijikaratasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Tunasubiri tena hadi kesho. Dawa inayofanya kazi huacha uwanja mtupu kuzunguka karatasi yake. Dawa isiyofanya kazi, bakteria huota mpaka ukingoni kabisa mwa karatasi, kama majani yanavyoota mpaka kwenye msingi wa nyumba. Mwanao hayupo ndani ya sahani ile. Damu yake haipo, mwili wake haupo. Waliopo ni bakteria peke yao, na bado jenta haiwafanyi kitu. Usugu ni wa bakteria, umeandikwa ndani ya vinasaba vyake, yaani maandishi yake ya urithi, na anahama nao anapohama.

Kwa hiyo swali lako nitaligeuza kidogo: bakteria huyo alijifunzia wapi dawa tatu ambazo mtoto hajawahi kupewa?

Sisi binadamu tunarithi kwa baba na mama, basi. Ukikaa jirani na mtu mwenye macho ya kahawia miaka thelathini, macho yako hayabadiliki. Bakteria hurithi kwa mzazi wake aliyegawanyika, lakini pia hupokea kutoka kwa jirani, hata jirani ambaye si wa aina yake. Mbali na vinasaba vyake vikuu, bakteria wengi hubeba vipete vidogo vya vinasaba vinavyoelea pembeni. Kipete cha namna hiyo kinaitwa plasmidi. Bakteria anaweza kuishi vizuri bila hicho kipete, ila ndani yake mara nyingi ndimo zinamokaa jeni za usugu, yaani maelekezo ya jinsi ya kuishinda dawa.

Namna plasmidi inavyohama ungeweza kuifananisha na mitumbwi miwili ziwani. Bakteria mwenye plasmidi hutoa kinyweleo kirefu chembamba, kikamnasa jirani, kikajikunja na kumvuta mpaka wakagusana ubavu kwa ubavu. Hapo hufunguka njia, na uzi mmoja wa kile kipete hupita kwenda kwa jirani. Kila upande hushona uzi wa pili uliokosekana. Wakiachana, wote wawili wana plasmidi kamili. Hapa ndipo mfano wa mitumbwi unapoishia, kwa sababu mvuvi akimpa mwenzake nyavu, yeye anabaki bila nyavu. Bakteria anayetoa hapungukiwi, na aliyepokea naye anaweza kuanza kugawa muda si mrefu.

Jambo hili liligunduliwa na watu waliojiuliza swali lako lilelile. Katika miaka ya 1950 Japani ilikuwa inasumbuliwa na ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na bakteria Shigella. Walianza kuonekana wagonjwa ambao Shigella yao ilishinda dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfeniko. Wapo waliokuwa wamepewa dawa moja tu kati ya hizo. Wanasayansi walikuwa wanajua kwamba bakteria anaweza kubadilika kwa bahati, kosa moja la kunakili vinasaba likampa kinga. Lakini bahati ya namna hiyo humwangukia mmoja kati ya mamilioni mengi, na kila dawa inataka bahati yake. Bahati nne zimwangukie bakteria mmoja siku moja? Haikuingia akilini. Wakaona pia kwamba bakteria wengine wa kawaida wa utumbo, E. koli, waliochukuliwa kwa wagonjwa haohao, walikuwa sugu kwa dawa zilezile nne. Mwishoni mwa miaka hiyo vikundi vya Ochiai na Akiba vikachanganya E. koli sugu na Shigella isiyo sugu kwenye chupa moja, na Shigella ikatoka humo ikiwa imepata kinga zote nne. Taarifa zao zilikuwa kwa Kijapani, hivyo sehemu kubwa ya dunia haikuzisoma mpaka Tsutomu Watanabe alipoandika muhtasari kwa Kiingereza mwaka 1963. Naiheshimu sana kazi ile. Waliiona hatari nzima tukiwa bado tunaamini kila mwaka utaleta dawa mpya.

Turudi Mwanza, kwenye kidonda cha mwanao. Bakteria anayeshinda seftriakisoni lakini akashindwa na meropenemu, kama huyu wako, kwa kawaida ana jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuikata seftriakisoni kabla haijafanya kazi. Kuna jeni nyingi za jamii hiyo, ila inayotawala hapa kwetu inaitwa CTX-M-15. Safari yake inastahili kusimuliwa. Jeni za ukoo wa CTX-M asili yake ni bakteria wapole wanaoitwa Kluyvera, wanaopatikana kwenye maji, udongo na utumbo, na ambao mara chache sana humwumiza mtu. Huko zilikuwa zimetulia kwenye vinasaba vikuu vya mwenyewe. Kisha kipande kingine cha vinasaba chenye tabia ya kurukaruka kikatua kando ya jeni, kikairusha mpaka kwenye plasmidi. Kuanzia hapo ikawa msafiri. Jina CTX-M lilitolewa baada ya kupatikana mwaka 1989 kwa mgonjwa wa mji wa Munich, Ujerumani: CTX ni kifupi cha dawa sefotaksimu, na M ni Munich. Leo ukoo huo umeenea duniani kote.

Kwa hiyo kuna safari tatu zinazokwenda pamoja. Jeni inaruka kutoka kwenye plasmidi moja kwenda nyingine. Plasmidi inapita kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Na bakteria mwenyewe anasafiri kwenye mikono, kwenye maji, kwenye beseni, ndani ya utumbo wa mtu aliyepanda basi la kwenda Bukoba. Ukizuia safari moja, mbili zinaendelea. Ndiyo maana tatizo hili ni gumu kuliko kipindupindu, ambacho ukimjua kimelea mmoja na ukasafisha maji umefika mbali.

Na sasa jibu la dawa tatu ambazo mtoto hakupewa. Wewe unauza samaki, unajua fungu. Mteja anamtaka yule sato mnene aliye juu, lakini amepangwa kwenye fungu, basi anabeba fungu zima na wale wadogo wa chini. Jeni za usugu nazo hukaa kwa mafungu. Plasmidi moja yenye CTX-M-15 mara nyingi hubeba pia jeni inayoibandika jenta kitu kidogo ikashindwa kushika inapopaswa kushika, pamoja na jeni zinazokwepa dawa mbili zilizomo ndani ya septrini. Kinga dhidi ya sipro yenyewe mara nyingi hutokana na mabadiliko kwenye vinasaba vikuu vya bakteria, lakini zipo jeni ndogo za plasmidi zinazochangia, nazo hupenda kukaa kwenye fungu hilohilo. Mtoto mmoja akipewa seftriakisoni, bakteria wenye fungu ndio wanaosalia, na wanasalia na fungu zima. Jenta haikuhitaji kuingia mwilini mwa mwanao hata tone moja.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa naomba usome polepole. Mtu anayemeza septrini bila sababu huko mtaani anawapa nafasi bakteria wenye fungu, na ndani ya fungu imo kinga dhidi ya seftriakisoni, dawa ambayo yeye hajaigusa. Kwa hiyo dawa iliyoshindwa kumponya mwanao inaweza kuwa ilipotezwa na watu waliokuwa wanatumia dawa nyingine kabisa, kwa ugonjwa mwingine, mwaka mwingine. (Simwambii mtu aliyeanzishiwa septrini kliniki, kwa mfano wanaoishi na VVU, aiache. Ile inaokoa maisha yake. Nasema juu ya ile inayonunuliwa vidonge vinne kwa ajili ya mafua.)

Zipo njia nyingine mbili za jeni kuhama, nizitaje tu. Bakteria wengine huokota vipande vya vinasaba vya wenzao waliokufa. Frederick Griffith aliona dalili zake mwaka 1928 kwa bakteria wa nimonia na panya. Na vipo virusi vinavyoshambulia bakteria, ambavyo mara nyingine hubeba kwa makosa vinasaba vya mmoja na kuvipeleka kwa mwingine. Kwa Klebsiella na jamaa zake wa utumboni, plasmidi ndiyo barabara kuu.

Unaweza kuuliza, yote haya yanatokea wapi hasa? Kidondani kidogo, utumboni sana. Utumbo ni kama Mwaloni alfajiri: umati, joto, vyakula, watu wa kila pembe wakigusana mabega. E. koli, Klebsiella na wengine wengi wanaishi humo kwa mabilioni bila kutudhuru. Mgonjwa akianza antibiotiki, wale wanyonge wanakufa, nafasi inabaki wazi, na yule mwenye fungu anajaza uwanja. Kisha kinachotoka utumboni kinafika kwenye shuka, kwenye nepi, kwenye mikono ya mama, ya muuguzi, ya daktari. Mtoto aliyeungua hana ngozi ya kuzuia. Kidonda kibichi ni mlango usio na komeo.

Wodini Klebsiella ana makao anayoyapenda. Sinki ni moja. Chini ya tundu la sinki hujengeka utando wa ute ambamo bakteria wa aina mbalimbali hukaa wakiwa wamebanana, dawa za kusafishia hazipenyi vizuri, na kila maji yakifunguliwa kwa nguvu matone hurukia pembeni. Mipira ya mkojo ni makao mengine, na kanula (vile vimrija vya kupitishia dawa kwenye mshipa) zilizokaa mkononi siku nyingi, na chupa za dawa zinazotumiwa kwa wagonjwa zaidi ya mmoja. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, na ukiniuliza kitu kimoja kinachobeba zaidi kuliko vyote, nitakwambia ni mikono. Muuguzi mmoja mwenye watoto ishirini usiku hana nia mbaya. Ana maji yaliyo mbali, kitakasa mikono kilichokwisha tangu jana, na watoto watatu wanaolia kwa wakati mmoja.

Kuna jambo la kwetu kina mama ambalo naliandika kwa uzito, kwa sababu ni jambo zuri lenye madhara yasiyoonekana. Wodini mnasaidiana. Mwenzako akienda kununua uji unamshikia mtoto, unambadilisha nepi, mnaazimana beseni na kanga. Msiache kusaidiana. Ila osha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto wa mwenzako na baada ya kumrudisha, na beseni la kuogeshea kila mtoto awe na lake. Na muuguzi au daktari akija kufungua kidonda, una haki ya kumwambia kwa adabu, "Samahani, umeshanawa?" Atakayekasirika atakasirika siku moja. Mimi nikiulizwa nashukuru.

Wewe ni muuza samaki, kwa hiyo usije ukasikia hili kwa watu wengine likakutisha. Mwaka 2016 watafiti wa CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya sampuli za mazingira na za matumbo ya samaki kutoka ufukwe wa ziwa hapa Mwanza. Walikuta bakteria wenye CTX-M-15, ileile inayotusumbua hospitalini. Hii haimaanishi samaki ni wabaya. Inamaanisha kinyesi cha watu na maji machafu ya mji vinaingia ziwani vikiwa na jeni hizo. Samaki aliyeiva vizuri hana bakteria hai. Hatari iko kwenye matumbo unayoyatoa, kisu, ubao, na mikono yako baada ya kupara. Nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na usikatie kachumbari kwenye ubao wa samaki mbichi. Samaki endelea kuuza, endelea kula.

Sasa wale ndugu wawili. Inawezekana kabisa mmoja wao au wote, hata wewe mwenyewe, mmembeba bakteria huyu utumboni. Watu wenye afya wengi hapa mjini wanambeba mmoja wa jamii yake bila kujua. Kumbeba si kuugua. Usiwapeleke wakapewe antibiotiki ya kumtoa, kwa sababu dawa itawafagia wale wapole na kumwachia yeye uwanja. Wakiachwa bila antibiotiki, wapole hurudi taratibu na kumsukuma; kwa wengi huchukua miezi, kwa wengine hupita mwaka. Kuwasaidia ni kunawa baada ya choo na kabla ya kula, na kutupa nepi za mdogo wao chooni au shimoni, zisiachwe uani. Kulala pamoja si tatizo, usiwatenganishe.

Mafua na kikohozi chepesi mara nyingi ni virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Hapo ndipo ningependa ubadilike, si kwa sababu ya hatia ya mwaka jana bali kwa sababu kila kidonge kisichohitajika kinawanenepesha wenye fungu walioko nyumbani kwako sasa hivi. Ukienda duka la dawa na mtoto anakohoa, swali la kwanza lisiwe "nipe dawa gani", liwe "je, anahitaji antibiotiki?" Mtoto akipumua kwa kasi, mbavu zikabonyea, akashindwa kunyonya au kunywa, usipite dukani, nenda moja kwa moja kituo cha afya.

Kuhusu meropenemu iliyomponya, nakuomba uichukulie kama akiba ya mwisho. Jeni za kuishinda nazo zipo. Moja, inayoitwa NDM-1, ilitambuliwa kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa ametibiwa New Delhi, ikatangazwa mwaka 2009, na ndani ya miaka michache ilikuwa imeonekana karibu kila bara, ikisafiri kwa plasmidi kama ndugu zake. Ndiyo maana daktari mzuri anasita kuiandika kabla ya majibu ya maabara, hata mzazi akisihi. Na ndiyo maana kupeleka usaha maabara mapema, kabla dozi ya kwanza haijaingia kama hali inaruhusu, ni jambo la kulidai. Kwa mwanao kipimo kile ndicho kilichookoa maisha.

Karatasi ile ya majibu usiitupe. Kwa mwaka mmoja ujao, mtoto akipata homa kali, akitakiwa kulazwa au kupandikizwa ngozi kwenye kovu, itoe kabla ya sindano ya kwanza na useme, "Huyu aliwahi kuwa na Klebsiella sugu kwa seftriakisoni." Daktari ataanza na dawa tofauti, na wodi inaweza kumtenga kidogo ili asiwaambukize wenzake, usilione hilo kuwa ni unyanyapaa. Kama karatasi imepotea, rudi pale mlipolazwa, taja jina la mtoto na mwezi mliolazwa. Majibu ya kuotesha vimelea huandikwa kwenye rejista ya maabara. Wakupe nakala, uiweke ndani ya kadi yake ya kliniki.